Ayrton Senna na Barabara Yenye Maji: Hotuba ya Mei Mosi kwa Madereva wa Lindi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa madereva, maofisa wa usalama barabarani, wazee wangu mlioendesha barabara hii ya kusini kabla haijapata lami, wadogo zangu wa bajaji na bodaboda, na mama zangu mliokaa kule kwenye kivuli cha mwembe: assalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na jua.

Nasimama hapa kwa niaba ya walimu wa udereva. Wenzangu waliotangulia wamesema vizuri juu ya mikataba, bima na malipo ya madereva wa malori, na sina la kuongeza hapo. Mimi naomba nimkumbuke marehemu mmoja. Tarehe kama ya leo, 1 Mei 1994, kwenye uwanja wa Imola nchini Italia, alifariki dereva wa Brazili aitwaye Ayrton Senna, akiwa na umri wa miaka 34. Wengi wenu mliovaa vizibao hapa mbele mlikuwa hamjazaliwa. Aliendesha mbio za langalanga, yaani Formula One, yale magari yenye magurudumu nje na dereva amelala ndani. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, mwaka 1988, 1990 na 1991, mara zote akiwa na timu ya McLaren. Alishinda mbio 41, na mara 65 aliondoka akiwa mstari wa mbele kabisa kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote kwenye majaribio. Wapo waliokuja baadaye wakazivuka hesabu hizo, na hilo halinisumbui hata kidogo. Ninachomkumbukia mimi ni mvua.

Alizaliwa São Paulo mwaka 1960. Baba yake alimtengenezea gokati, kile kigari kidogo cha mashindano, alipokuwa na miaka minne. Sasa tusikilizane vizuri hapa, maana maneno yangu yote ya leo yanaanzia hapa. Senna hakuanza akiwa hodari wa mvua. Waliomfahamu wamesimulia kwamba katika mashindano ya gokati ya ujana wake mvua ilinyesha, gari likamteleza, wenzake wakampita mmoja mmoja. Alirudi nyumbani ameumia moyoni. Tangu hapo, mvua ilipoanza kunyesha na wenzake wakatafuta paa la kujikinga, yeye alitoa gokati yake akaenda uwanjani. Alizunguka kwenye maji peke yake, akiteleza, akirudi barabarani, akiteleza tena, mpaka mwili wake ukajua tairi inasema nini kabla haijaachia.

Dunia ilikuja kuyaona matunda yake mwaka 1984 kule Monaco. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kwenye langalanga, na timu yake, Toleman, ilikuwa ndogo. Monaco ni mji. Magari yanapita mitaani, baina ya kuta na vyuma, juu ya michoro myeupe ya barabarani ambayo ikilowa huteleza vibaya. Mvua ilikuwa kubwa. Senna aliondoka nafasi ya 13. Akawa anawapita mabingwa, akampita Niki Lauda, akafika nafasi ya pili, na kila mzunguko alikuwa akimkaribia Alain Prost aliyekuwa anaongoza. Mkurugenzi wa mashindano akazisimamisha mbio baada ya mizunguko 31, Prost akatangazwa mshindi. Kwa kuwa mbio hazikufika mbali, pointi ziligawanywa nusu, Prost akapata nne na nusu badala ya tisa. Mwisho wa mwaka huo Prost aliukosa ubingwa kwa nusu pointi. Angemaliza wa pili siku ile, mbio zikifika mwisho, angepata pointi sita na ubingwa ungekuwa wake. Mvua ina mahesabu yake.

Mwaka uliofuata, Aprili 1985, Senna alishinda mbio zake za kwanza, Estoril nchini Ureno, akiwa na timu ya Lotus. Maji yalikuwa yamesimama barabarani. Prost, ambaye hakuna anayeweza kumwita dereva mbovu, gari lilimgeuka kwenye sehemu iliyonyooka kabisa, wala si kwenye kona. Senna alimaliza akiwa amemwacha wa pili kwa zaidi ya dakika moja, na kuanzia wa tatu kwenda chini wote aliwapita mzunguko mzima. Yeye mwenyewe, tena akiwa anaongoza, alikuwa akiwapungia waamuzi mkono ili mbio zisimamishwe. Na watu walipomsifu kwamba hakukosea hata mara moja, aliwakatalia: alieleza kwamba kuna mahali magurudumu yote manne yalikuwa kwenye majani, gari limemshinda, likarudi barabarani lenyewe. Mimi nampenda kwa jibu hilo kuliko kwa ushindi. Mtu anayejua mvua hajidai mbele yake.

Halafu kuna Donington, Uingereza, tarehe 11 Aprili 1993. Mzunguko ule wa kwanza ungali unatazamwa mpaka leo, na kijana mwenye simu nzuri autafute jioni hii. Gari lake la McLaren lilikuwa na injini yenye nguvu pungufu kuliko ya Williams ya akina Prost na Damon Hill. Aliondoka wa nne, akabanwa mwanzoni akawa wa tano. Akampita Michael Schumacher. Akampita Karl Wendlinger kwa nje. Akampita Hill. Akampita Prost. Kabla mzunguko mmoja haujaisha alikuwa wa kwanza. Siku nzima mvua ilikuja na kukatika, Prost alisimama kubadilisha tairi mara saba, na Senna alishinda akimwacha Hill kwa zaidi ya dakika moja na sekunde 20.

Sasa, alikuwa anafanya nini ambacho wengine hawakufanya? Watu wakimwona dereva anakwenda vizuri kwenye mvua husema ana roho ngumu. Roho ngumu haina kazi kwenye maji. Nitaeleza kwa lugha ya gereji.

Tairi ikikutana na maji, meno yake yanatakiwa kuyasukuma pembeni ili mpira uguse lami. Mwendo ukizidi, au meno yakiwa yamelika, au maji yakiwa mengi, tairi haiwahi. Inapanda juu ya maji na kwenda kama lile jiwe bapa ambalo watoto hulirusha pale ufukweni likaruka-ruka. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, ukikanyaga breki hakuna kitu, na gari linakwenda linakotaka. Kampuni ya Pirelli, inayotengeneza tairi za langalanga siku hizi, inaeleza kwamba tairi yake moja ya mvua kubwa huondoa lita 85 za maji kwa sekunde moja, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Ndoo kubwa nne na zaidi, sekunde moja, tairi moja. Na bado madereva wale huteleza.

Kuna vijana huniambia, mwalimu, mbona magari ya langalanga nayo hutumia tairi za kipara? Ni kweli, hutumia, kwenye ukavu tu, kwa kuwa tairi isiyo na mifereji hugusa lami kwa upana wake wote. Tone likianguka, wanakimbilia kubadilisha. Wewe huna kikosi cha mafundi kinachokungoja pale Nangurukuru na tairi nyingine. Kipara chako cha asubuhi ndicho utakachokuwa nacho mvua ikikukuta njiani.

Jambo la pili aliloliona Senna ni mahali pa kupita. Uwanja ukiwa mkavu, madereva wote hufuata njia ileile, na mpira wa tairi hubaki umeganda kwenye lami. Njia hiyo ikilowa, mpira ule huwa utelezi mtupu. Senna aliiacha. Kwenye kona alipita nje zaidi, mahali ambapo wengine hawakupita, kwa sababu pale lami ilikuwa bado na ukwaruzo wake. Na mguu wake wa kulia haukutulia: katikati ya kona aliigusagusa pedali ya mafuta haraka haraka, kidogo kidogo, akiipima tairi inaweza kubeba kiasi gani wakati ule.

Hapa kwetu hakuna anayekwenda mwendo wa langalanga, na Mungu atunusuru asiwepo. Lakini lami ni lami. Tazameni barabara yetu kwa macho hayo. Oili na dizeli humwagika wapi? Kwenye stendi, kwenye vituo vya mafuta, kwenye matuta ambako malori hupunguza mwendo, na kwenye kona ambako tangi lililojaa pomoni humwaga. Pikipiki inapita katikati ya njia, palepale lilipodondokea tone la lori, kumbe nusu mita kulia au kushoto, kwenye nyayo za tairi za magari, kuna lami iliyosafishika. Ile michoro myeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu, na vyuma vya maungio ya daraja, usifunge breki juu yake na usilaze pikipiki juu yake. Pita umenyooka.

Halafu liko jambo la mkoa wetu, ambalo vitabu vya udereva vilivyoandikwa kwingine havilisemi. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Unaanza Novemba au Desemba, unakwisha Aprili au Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni ukavu. Miezi hiyo yote vumbi, oili na mpira wa tairi vinajipanga juu ya lami, hakuna wa kuviosha. Mvua ya kwanza inapokuja, dakika zake za mwanzo ndizo mbaya kuliko mvua kubwa ya Februari, kwa sababu manyunyu hayatoshi kuosha, yanatosha kuchanganya tu. Na inakuja wakati gani? Inakuja wakati wa korosho. Malori yamejaa barabarani kutoka Masasi, Nachingwea, Ruangwa na Newala kwenda Mtwara bandarini. Fedha za mauzo zimeingia mifukoni, pikipiki mpya zimenunuliwa, na kijana aliyejifunzia kwenye vumbi la Agosti ndiyo kwanza anabeba abiria. Huyo kijana hajawahi kufunga breki kwenye maji. Hata mara moja. Tumempa leseni ya nusu ya mwaka.

Wazee wangu hapa watakumbuka Safari Rally ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikipita Kenya, Uganda na nchini kwetu. Mwaka 1963 na mwaka 1968 mvua na matope viliyamaliza magari, mara zote mbili yakafika mwisho saba tu, na mara zote mbili aliyeshinda alikuwa yuleyule, Nick Nowicki na Peugeot 404 yake. Gari lile halikuwa la kasi kuliko mengine. Mtu mmoja kushinda mvua mbili kubwa namna hiyo, miaka mitano ikipita katikati, ni kwamba aliijua njia yenye maji.

Nisije nikaeleweka kwamba ufundi unatosha. Adelaide, Australia, mwaka 1989, mvua ilikuwa ya kutisha. Prost aliendesha mzunguko mmoja, akaegesha gari, akakataa kurudi. Senna aliendelea, akawa anaongoza kwa mbali, kisha akaligonga kwa nyuma gari la Martin Brundle, kwa sababu ule ukungu wa maji unaorushwa na tairi ulimficha Brundle kabisa. Hodari wa mvua kuliko wote duniani, na gari la mbele yake hakuliona. Kuona hakuna mbadala. Madereva wa mabasi, nyinyi mnaijua ile hali ya kulifuata lori usiku kwenye mvua kati ya Mbwemkuru na hapa, wipa zinakwenda mpaka mwisho na huoni kitu zaidi ya wekundu wa taa. Kaa mbali naye. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde, na kwenye maji umbali wa kusimama unaweza kuwa maradufu ya ule wa ukavu.

Na kusimama nako ni udereva. Lauda alisimama. Fuji, Japani, mwaka 1976, mbio za mwisho wa msimu, ubingwa ulikuwa mkononi mwake, naye alikuwa bado ana makovu mabichi ya kuungua motoni miezi michache nyuma. Alizunguka mara mbili kwenye mvua, akaingia, akashuka, akasema inatosha. Aliukosa ubingwa kwa pointi moja. Mwaka uliofuata akaurudisha. Mpaka leo hakuna mtu wa maana anayemwita Lauda mwoga.

Nalisema hili kwa abiria pia, wala si kwa madereva peke yao. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara kuu ikakatika kule Somanga, Kilwa, mabasi na malori yalikaa pande zote mbili yakisubiri. Wale waliosubiri walifika nyumbani. Lakini kila msimu, kwenye vijito vya njia ya Liwale na kwenye makalvati yaliyofurika, yupo abiria anayepiga kelele kutoka kiti cha nyuma, twende dereva, mbona mwenzako kapita, wewe mwanamume gani. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Dereva akizima injini mbele ya maji yanayopita juu ya barabara, mama zangu, mnunulieni chai. Msimtukane.

Kuna tendo jingine la Senna ambalo wadogo zangu wa bodaboda mtalielewa haraka. Mwaka 1992, kwenye mazoezi kule Spa, Ubelgiji, dereva Mfaransa Erik Comas alipata ajali akazimia ndani ya gari katikati ya njia, mguu umebana pedali, injini inanguruma, mafuta yanaweza kushika moto wakati wowote. Senna alisimamisha gari lake, akakimbia kwa miguu akivuka uwanja ambao magari yalikuwa bado yanapita, akazima injini ya Comas, akamshika kichwa kisitikisike mpaka madaktari walipofika. Nyinyi ndio mnaofika wa kwanza kwenye ajali zetu. Kichwa kisitikisike. Majeruhi asibebwe mshikaki kwenye pikipiki akiwa kati ya watu wawili. Hilo peke yake lingestahili hotuba yake, na nitaliomba siku nyingine.

Siku aliyofariki Senna, jua lilikuwa linawaka pale Imola na barabara ilikuwa kavu. Jana yake, kwenye uwanja uleule, alikuwa amefariki dereva kijana wa Austria, Roland Ratzenberger, na ndani ya gari la Senna ilikutwa bendera ya Austria. Alikusudia kuipeperusha kwa heshima ya mwenzake. Brazili iliomboleza siku tatu, na umati uliojaa mitaani São Paulo kumsindikiza ulikuwa wa watu wasiohesabika. Mungu awarehemu wote wawili.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa ombi letu. Mafunzo ya udereva mkoani kwetu yanaahirishwa mvua ikinyesha. Mwanafunzi anapigiwa simu, anaambiwa leo usije, kumenyesha. Sisi walimu tunataka iwe kinyume: mvua ikinyesha ndiyo apigiwe simu aje. Tunaomba kiwanja kimoja kipana, mbali na magari, chenye sehemu ya lami na sehemu ya udongo wa mfinyanzi. Mwendo hautazidi kilomita 30 kwa saa. Hakuna abiria. Kofia ngumu imefungwa kidevuni, tairi zimekaguliwa getini, mwenye kipara anarudi alikotoka. Kijana atajifunza kufunga breki zote mbili kwa pamoja, ya mbele kwa vidole na si kwa ngumi. Atalisikia gurudumu la nyuma likiteleza na atajua la kufanya, akiwa mahali ambapo akianguka anachafuka nguo basi. Tunataka na madereva wa zamani waje, wenye leseni za miaka mingi, kwa sababu wengi wao hawakuwahi kufundishwa hili na yeyote. Wamebahatika tu kufika.

Wamiliki wa pikipiki, kwenu nina neno. Kijana wako akikuomba asubuhi moja ya mvua aende kiwanjani, usimdai hesabu ya siku hiyo. Mvua ikinyesha abiria wenyewe ni wachache. Mpe na fedha ya tairi.

Maofisa wa usalama barabarani, tumeshaongea nanyi pembeni na mmetusikiliza vizuri. Tunachohitaji sasa ni kibali cha maandishi, na mmoja wenu awepo kila mara. Hospitali tutaiomba mtu wa huduma ya kwanza. Walimu tupo tayari, na hatutoi bili kwa kazi hii.

Leo ni Mei Mosi, mvua zinaishia. Tuna ukavu mbele yetu mpaka Novemba, muda wa kutosha kutafuta kiwanja, kukipima na kukisafisha. Mheshimiwa, tunaomba jibu kabla korosho hazijaanza kuanguka. Majina ya wanaotaka kuanza yanaandikwa pale mezani, kando ya turubai la bluu, na wa kike wenye kuendesha bajaji nawaomba muwe wa kwanza. Asanteni sana kwa kunisikiliza.